Kabla ya libeneke alikuwapo ningi

Pamba ikishapimwa na fedha ikishaingia mfukoni, Usukuma huwa na shughuli nyingine inayosubiri: mashindano ya ngoma. Makundi mawili hupangwa kwenye uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile, kila moja na manju wake. Hakuna jaji mwenye kalamu na karatasi. Watu huachwa waende wanakovutwa, wahame, warudi, na jioni kundi lililozungukwa na umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda. Mtu mzima wa Sapiwi, wilayani Bariadi, hahitaji kuelezwa hayo na mwandishi wa gazeti. Mimi nayaeleza kwa sababu ya jambo jingine, ambalo kwa macho ya haraka halina uhusiano wowote na vumbi la uwanja wa ngoma: jinsi wasomi wa vyuo vikuu walivyoanza kuichambua balagha ya blogu.

Balagha ni taaluma ya zamani. Wagiriki waliifundisha, Waarabu wakatupa neno lenyewe, na kiini chake ni swali moja: msemaji anafanya nini hata msikilizaji akubali kuvutwa? Kwa karne nyingi waliochunguzwa walikuwa wanasiasa, mawakili na wahubiri. Kisha likaja jambo la ajabu. Desemba 1997 Mmarekani Jorn Barger aliuita ukurasa wake wa kumbukumbu za mtandaoni "weblog". Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno hilo kwa mzaha, likabaki blog, na mwaka huo huo ikatoka programu ya Blogger iliyomwezesha mtu asiyejua lolote la kompyuta kuchapisha mawazo yake kabla chai haijapoa. Google waliinunua mwaka 2003. Kufikia hapo watu wasio na cheo, wasio na mhariri na wasioalikwa na yeyote walikuwa wakizungumza na umma kila siku. Walimu wa balagha wakajikuta na mwanafunzi mpya ambaye hakuwa amejiandikisha.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa mkusanyo wa makala kuhusu balagha, jamii na utamaduni wa blogu. Ndani yake mna makala ya Carolyn Miller na Dawn Shepherd ambayo mpaka leo ni vigumu kuikwepa ukitaka kusoma habari hizi. Miller alikuwa ameshajulikana kwa hoja yake ya mwaka 1984 kwamba utanzu wa maandishi ni tendo la kijamii: usiutambue kwa umbo lake pekee, utambue kwa kazi ambayo watu wanaurudia-rudia kuifanya. Safari hii wakauliza kwa nini mtu ayaanike mambo yake mbele ya asiowajua, na kwa nini hao wasiomjua wakae kumsoma. Jibu lao liliitazama Marekani ya miaka ya 1990, yenye televisheni za watu kujianika, kashfa ya Rais Clinton iliyojadiliwa sebuleni mwa kila mtu, na ukuta kati ya siri na hadharani uliokuwa umeshatoboka. Wakaitafutia blogu mababu, wakawapata: daftari la nahodha, shajara, vipande vya magazeti vilivyokatwa na kuhifadhiwa, vijitabu vya malumbano ya kisiasa.

Orodha nzuri. Ila mababu wote hao ni karatasi. Uwanja wa ngoma haumo, na siwalaumu, kwa maana kila mtu hutafuta ukoo wake alikozaliwa. Lakini mtu wa Simiyu akiisoma makala ile atajikuta akitabasamu kwenye kurasa ambazo waandishi wake hawakukusudia kuchekesha.

Masimulizi ya Usukumani yanawataja mabingwa wawili wa uganga na ngoma waliokuwa mahasimu zama za babu wa babu zetu, Ngika na Gumha. Kila mmoja alitaka ijulikane kwamba dawa yake ndiyo yenye nguvu, na kipimo walichokubaliana kilikuwa umati. Wafuasi wa Ngika ni Bagika, wa Gumha ni Bagalu. Vizazi vingi vimepita, na vikundi vya mbina, neno la Kisukuma kwa ngoma, bado hujitambulisha kwa upande mmoja au mwingine. Watatembea na nyoka shingoni, watavaa ya kuchekesha, watazua kituko ambacho jirani hajawahi kukiona, ilimradi watu wahame upande wa pili.

Katikati ya yote hayo yupo ningi, mtunzi na mwimbaji. Mtazame anavyofanya kazi. Kwanza anajitaja: mimi fulani, ng'wana fulani, wa mahali fulani. Anajisifu bila haya, kwa maana majigambo ni sehemu ya kanuni za mchezo, kama vile wanafunzi wetu wa sekondari wanavyofundishwa katika fasihi simulizi. Anawataja waliomkirimu, mmoja mmoja. Kisha anamgeukia mpinzani na kumchana, akijua kwamba msimu ujao atajibiwa, na jibu hilo ndilo litakalompa sababu ya kutunga tena. Wimbo wa mwaka jana hautoshi. Anayerudi uwanjani na maneno yale yale huachwa na watu. Nafsi ya kwanza, habari mpya kila mara, wafadhili kutajwa, hasimu kuchokozwa ili ajibu, na umati kuhesabiwa: ukiondoa mgolole na ngoma, umebaki na blogu.

Na huyu ningi alichunguzwa na wasomi mapema sana. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikusanya mengi kuhusu Wasukuma, na mwaka 1953 alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka. Makabrasha yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hugh Tracey alipita na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950. Mwaka 1988, hapo hapo Dar es Salaam, Elias Songoyi aliandika tasnifu ya umahiri kuhusu msanii na dola, akiwalinganisha waimbaji wawili, Kalikali wa Usukumani na Mwinamila wa Unyamwezini. Mwaka 2000 Frank Gunderson na Gregory Barz wakahariri kitabu kizima kuhusu muziki wa mashindano Afrika Mashariki, kikachapishwa na Mkuki na Nyota, na mwaka 2010 Gunderson akatoa jalada nene la nyimbo za kazi za Wasukuma. Anayetaka kuitafuta Sapiwi katika nyaraka za namna hii asiitafute Simiyu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 tu. Atafute Shinyanga, na akirudi nyuma zaidi atafute Maswa, ambayo Bariadi ilikuwa sehemu yake.

Kwa hiyo tulikuwa na taaluma kamili ya mtu anayejisema mbele ya umati na kupimwa kwa ukubwa wa umati huo. Ilikaa kwenye rafu za muziki na sanaa za maonyesho. Blogu zilipokuja zikapelekwa kwenye rafu za uandishi wa habari, na rafu hizo mbili hazikusalimiana.

Blogu ya Kiswahili ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiandika kutoka Marekani, alianzisha Jikomboe. Jina lenyewe ni amri. Macha aliandika kama mtu aliyesimama juu ya kiti sokoni: anahimiza, anakejeli, anamtaka msomaji afungue ukurasa wake mwenyewe badala ya kusubiri mhariri. Alijaribu hata kuipa blogu jina la Kiswahili, gazeti tando, jina zuri ambalo kwa bahati mbaya halikushika. Lililoshika lilitoka kwa mtu mwingine.

Septemba 2005 mpiga picha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi alikuwa Helsinki, Finland, kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu utandawazi na demokrasia. Macha alikuwapo pia, akamwelekeza namna ya kufungua blogu. Michuzi akarudi nyumbani na kitu ambacho hakikufanana na cha mwalimu wake. Hakuhubiri. Alijiita Ankal, wasomaji akawaita wadau, blogu akaibatiza Globu ya Jamii, na kazi yenyewe akaiita libeneke. Picha moja, maneno mawili matatu ya utani, basi. Harusi, misiba, viongozi uwanjani, Watanzania wa ughaibuni wakila pilau kwenye baridi. Mtu aliyeko ng'ambo alifungua asubuhi aone nani kafariki na nani kaoa. Waandishi wengine wa habari walinuna wakisema hiyo si habari, na kwa kipimo cha chumba cha habari walikuwa na hoja.

Kwa kipimo cha balagha walikosea. Neno wadau lilifanya kazi ambayo tahariri kumi zisingeweza. Msomaji ana gazeti mkononi, mdau ana hisa. Na Ankal si cheo, ni ujamaa: mjomba huwezi kumdai ushahidi wa kila neno, lakini unaweza kumtania, na ukikosekana siku tatu atauliza uko wapi. Ningi angelielewa jambo hilo mara moja. Pembeni ya blogu nyingi za wakati ule kulikuwa na kihesabio cha wageni, tarakimu zinazopanda mbele ya macho ya wote. Huo ndio umati wa jioni.

Mfanano huu una mpaka wake. Ningi husimama na uso wake. Akimtukana mtu, mtu yule anamjua na anajua kwao. Chini ya picha za blogu walijaa wasiotaka kutajwa, wakimwaga sumu ambayo uwanjani isingethubutu kutoka mdomoni. Miller na Shepherd nao walirudi mwaka 2009 wakakiri kwamba walichokiita utanzu mmoja kilikuwa kimesambaratika kuwa tanzu nyingi, na kwamba huenda blogu ni chombo tu. Mtafiti aliyekaribia zaidi mambo ya kwetu ni Irene Brunotti, ambaye mwaka 2019 alichapisha makala kuhusu mijadala ya Wazanzibari mtandaoni baada ya mkwamo wa uchaguzi wa 2015. Yeye hakuanza na shajara ya Mzungu. Alianza na baraza, lile la saruji nje ya nyumba. Bara bado tunamsubiri wa kuanza na uwanja wa ngoma.

Atakayekuja atakuta pengo. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu kujisajili na kulipa: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Baadhi walifunga, wengine walihamia Facebook na makundi ya WhatsApp, ambako mtafiti hawezi kupekua. Wapo pia waliochoka tu wakaacha. Kanuni zimebadilishwa tangu wakati huo, lakini maandishi mengi ya miaka ile hayafunguki tena, wakati sauti alizozinasa Tracey mwaka 1950 bado zinasikilizwa.

Ningi, kwa upande wake, hakuhama. Aliongeza uwanja. Waimbaji wa Kisukuma wa leo, kina Bhudagala na Nelemi Mbasando, wako YouTube. Wanajitaja, wanawataja waliowakirimu, na chini ya kila video kuna idadi ya watazamaji. Zamani kundi lililoachwa uwanjani bila watu lilisema wenzao wametumia dawa ya kuvuta umati. Siku hizi mashabiki wa aliyezidiwa husema watazamaji wamenunuliwa.