Kulipia Woga

Mwaka huu, mipango ikikubali, nitalipa pesa nzuri ili watu nisiowajua wanitishe. Binamu yangu anaishi Orlando, Florida, na kwa muda amekuwa akinisumbua niende naye Halloween Horror Nights, zile sherehe za usiku ambapo Universal Studios hugeuza bustani yao ya burudani kuwa mji wa mizimu, mazimwi na wauaji wenye misumeno. Foleni ya kwanza ya kutisha, si unajua, ni ile ya viza pale Gigiri. Lakini tuseme nimeivuka. Kabla ya kutoa doo nilitaka kujua jambo moja: binadamu alianzaje kuuza woga kwa tiketi? Nilichokipata ndicho kinachoongoza mpango wangu wote sasa.

Twende Paris, mwaka wa 1798. Étienne-Gaspard Robert, mzaliwa wa Liège aliyejiita Robertson kwenye matangazo, alifungua onyesho aliloliita fantasmagoria. Mwaka uliofuata alilihamishia kwenye nyumba ya watawa wa Kikapuchini iliyokuwa imeachwa tupu. Hebu fikiria: unaingia usiku, unapita korido zenye giza, unaketi mbele ya pazia jeupe, taa zinazimwa. Nyuma ya pazia kuna taa ya kurusha picha, na taa hiyo iko juu ya magurudumu. Ikisukumwa nyuma, picha ya mzuka inakua. Wewe uliyeketi gizani unaona mzuka unakukimbilia. Ongeza moshi na ala ya vioo yenye sauti ya kusisimua nywele, na watu wazima wanaanza kupiga mayowe.

Cha ajabu ni kwamba Robertson hakudai kuwaita wafu. Alijitangaza kama mtu wa sayansi, na akasema wazi kuwa haya ni mambo ya mwanga na vioo. Watu walijua, na bado walijaa. Tena hawa hawakuwa watu wasiojua kifo. Ni miaka minne tu tangu guilotini ipunguze makali yake katika mji huohuo. Wengi waliokuwa ukumbini walikuwa wameshuhudia hofu ambayo haina tiketi wala saa ya kufungwa. Kwa Robertson walipata nyingine: hofu yenye mwanzo na mwisho, kisha unavaa koti unarudi nyumbani.

Mapinduzi hayohayo ndiyo yaliyomlea Marie Tussaud. Katika siku hizo alitengeneza sura za nta za watu waliouawa, na mwaka wa 1802 akavuka kwenda Uingereza na sanamu zake. Mwaka wa 1835 alifungua makao ya kudumu Baker Street, London. Wafalme na mashujaa walikuwa ukumbi mkubwa. Wauaji na vichwa vilivyokatwa vilikuwa chumba cha pembeni, na cha huko kulipiwa zaidi. Mama huyo alijua biashara.

Kisha ikaja mbinu ambayo bado inafanya kazi hadi leo. Mkesha wa Krismasi wa 1862, John Henry Pepper, mwalimu wa sayansi jijini London, alionyesha mzuka jukwaani akitumia kioo kikubwa kilichoinamishwa na mwigizaji aliyefichwa chini, aliyemulikwa kwa taa kali. Watazamaji hawakuona kioo; waliona mtu anayepenyeza mwanga kama ukungu. Wazo la msingi lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, lakini jina lililobaki ni la Pepper. Disneyland ilipofungua Haunted Mansion huko California mwaka wa 1969, wale mizimu wanaocheza dansi katika ukumbi wa chakula walitokana na kioo kilekile. Miaka zaidi ya 100, ujanja mmoja.

Na Halloween yenyewe? Ilifika Marekani na wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti katika karne ya 19. Kwa muda mrefu ilikuwa usiku wa watoto kufanya utundu: kung'oa malango, kuvunja vioo. Miaka ya 1930, wakati uchumi umelala na utundu umegeuka uharibifu, watu wazima mitaani walianza kuwaandalia vijana sherehe, wakigeuza vyumba vya chini ya nyumba kuwa njia za kutisha. Miaka ya 1970 vikundi vya vijana vya kujitolea, hasa Jaycees, vilifungua nyumba za mizimu katika miji mingi ili kuchanga pesa za hisani. Mwaka wa 1973 bustani ya Knott's Berry Farm, iliyoanza kama shamba la matunda huko California, ikajaribu usiku tatu za Halloween. Watu wakafurika. Bustani nyingine zikaona kumbe Oktoba, msimu uliokuwa unadorora, inaweza kuwa mavuno.

Hapo ndipo historia hii inaacha kuwa ya kuchekesha.

Katika Great Adventure, bustani ya Six Flags huko Jackson, New Jersey, kulikuwa na Haunted Castle. Kwa nje ilikuwa ngome. Kwa ndani yalikuwa matrela 17 yaliyounganishwa, yenye vijia vyembamba, giza, na kuta zilizopambwa kwa vitu vinavyoshika moto haraka. Ilichukuliwa kuwa jengo la muda, kwa hivyo haikubanwa na masharti ya majengo ya kudumu. Haikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji juu ya dari, wala ving'amuzi vya moshi. Jioni ya tarehe 11 Mei 1984, kulingana na ushahidi uliotolewa, kijana mmoja aliwasha kiberiti cha gesi ili aone njia, na mwali ukagusa sponji iliyobandikwa ukutani. Vijana 8 walikufa. Kampuni ilishtakiwa, na mwaka wa 1985 baraza la mahakama likaiona haina hatia.

Nimeifikiria ngome hiyo sana. Ndani ya nyumba ya mizimu, moshi ni sehemu ya onyesho. Giza umelilipia. Mtu akipiga mayowe mbele yako, unacheka na kusema, ah, huyu ameshikwa vizuri. Kila ishara ambayo mwili wako huitumia kujua kwamba mambo yameharibika imegeuzwa kuwa burudani. Sasa yowe la kweli utalitambuaje?

Baada ya moto ule kanuni zilibadilika. Leo, kanuni za usalama wa moto zinazofuatwa sehemu nyingi Marekani zinataka nyumba kama hizi ziwe na maji ya kuzimia moto darini na ving'amuzi vya moshi. Zaidi ya hapo, king'amuzi kikishtuka, sauti za onyesho zizime zenyewe na taa za njia ya kutokea ziwake. Yaani jengo lenyewe linalazimika kuvua kinyago na kusema: sasa si mchezo. Kwangu hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote katika biashara hii, na hakuna anayekipiga picha.

Sisi huku hatuhitaji kufundishwa mlango uliofungwa hufanya nini. Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Hawakuwa wamelipia woga wowote. Walikuwa wamelala. Kwa hivyo nikiona klabu za Nairobi zikitundika utando wa buibui wa bandia kila mwisho wa Oktoba, macho yangu hutafuta kwanza mlango wa nyuma, na kama kuna kreti za soda zimeuziba.

Basi, mpango wenyewe. Universal walianza mwaka wa 1991 na usiku tatu na nyumba moja. Siku hizi Orlando wana nyumba 10 na usiku zaidi ya 40, kuanzia karibu na mwanzo wa Septemba. Binamu alitaka twende tarehe 31 Oktoba yenyewe, nimekataa. Tutaenda Septemba, katikati ya wiki, watu wakiwa wachache na bei ikiwa chini. Tiketi ya usiku ni tofauti na ya mchana, usije ukadhani moja inatosha. Tutafika kabla malango hayajafunguliwa na kuanza na nyumba inayozungumziwa sana, kwa sababu baadaye unaweza kupiga foleni zaidi ya saa moja kwa matembezi ya dakika chache. Viatu ni raba zilizozoea mguu. Mavazi ya Halloween na vinyago tunaacha nyumbani, wageni hawaruhusiwi navyo. Mtoto wa binamu, mwenye miaka 9, anabaki na nyanyake; wenyewe wanaonya kuwa onyesho haliwafai walio chini ya miaka 13. Waigizaji hawatatugusa, na sisi hatutawagusa. Hao ni watu kazini.

Na katika kila nyumba, kabla sijaangalia mzuka wowote, nitatafuta taa ndogo ya mlango wa kutokea.

Kumebaki suala la yowe. Mle ndani kupiga kelele hakumaanishi kitu, hata kusema "nisaidie" ni sehemu ya starehe. Kwa hivyo mimi na binamu tumekubaliana neno moja ambalo hakuna zimwi la Florida litakalolitamka kwa bahati mbaya. Mmoja wetu akisema "sukuma wiki", tunashikana mikono na kutoka kwa mlango ulio karibu, hakuna maswali, hakuna kuchekana.