Kupunguza ukubwa wa faili la wasilisho

Kupunguza ukubwa wa faili la wasilisho ni kazi ya kufanya faili la slaidi lenye picha nyingi litumie nafasi ndogo zaidi katika kompyuta, bila kuharibu mwonekano wake kwa watazamaji. Hufanywa ili faili liweze kutumwa kwa baruapepe, kupakuliwa kwa gharama ndogo ya data na kufunguka haraka. Gmail, kwa mfano, kwa kawaida huruhusu kutuma viambatisho visivyozidi megabaiti 25.

Chanzo cha uzito

Tangu Microsoft Office 2007, programu ya PowerPoint huhifadhi mawasilisho katika muundo wa PPTX. Faili la PPTX ni kifurushi cha ZIP chenye maandishi ya XML pamoja na picha zote, ambazo hukaa katika folda ya "media". Maandishi huchukua nafasi ndogo sana. Uzito mwingi hutokana na picha, sauti na video.

Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Skrini au projekta ya pikseli 1920 kwa 1080 huonyesha pikseli 2,073,600 tu. Hivyo zaidi ya nusu ya data ya picha hiyo haionekani na mtazamaji yeyote. Kuivuta picha kwa kipanya ili iwe ndogo kwenye slaidi hakupunguzi uzito, kwa sababu pikseli zote hubaki ndani ya faili.

Kulifunga wasilisho tena kwa ZIP pia husaidia kidogo tu, kwani picha za JPEG zimekwisha kubanwa.

Njia za kupunguza

* Kupunguza pikseli za picha kabla ya kuiweka kwenye slaidi.
* Kutumia amri ya kubana picha iliyomo katika PowerPoint na kuchagua idadi ya pikseli kwa inchi. Kiwango cha 150 hutosha kwa maonyesho mengi ya projekta.
* Kuchagua muundo unaofaa: JPEG kwa picha za kamera; PNG kwa michoro, chati na picha za skrini zenye maandishi.
* Kuhifadhi nakala ya PDF iwapo wasomaji hawahitaji kuhariri slaidi.

LibreOffice Impress, ambayo ni programu huria, nayo ina zana ya kupunguza ukubwa wa wasilisho.

Sehemu zilizokatwa

Picha inapokatwa kingo ndani ya PowerPoint, sehemu iliyokatwa hufichwa tu, haifutwi. Anayepokea faili anaweza kuirudisha na kuiona. Kama sehemu hiyo ina sura ya mgonjwa, namba ya kitambulisho au jina la mwanafunzi, siri hiyo husafiri pamoja na wasilisho. Chaguo la kufuta sehemu zilizokatwa, lililopo katika amri ya kubana picha, huondoa uzito na hatari hiyo kwa pamoja.

Tahadhari

Pikseli zilizoondolewa hazirudi baada ya faili kuhifadhiwa na kufungwa. Kwa hiyo ni vema kubana nakala na kutunza faili la awali, hasa kama picha zitahitajika kwa uchapishaji, ambao kwa kawaida hutaka pikseli 300 kwa inchi.