Nuru na Mwenye Nuru

Wanyaturu wa Singida, kabla ya misheni na misikiti kuenea kwao, walimjua Muumba kwa jina la Matunda, wakamhusisha na jua. Nchi yao ni kame: jua lililoivisha uwele ndilo lililouchoma mvua zilipokawia. Aliyemtambua Mungu kwa nuru ya namna hiyo hakuweza kudai kwamba nuru ni rehema tupu.

Mwaka 1975 Mmarekani Raymond Moody alichapisha kitabu cha habari za watu waliofika ukingoni mwa mauti wakazinduka. Wengi wao walisimulia nuru yenye upendo, isiyolaumu. Lakini kila mmoja aliiita kwa jina alilofunzwa: Mkristo alimtaja Kristo, wengine wakataja malaika. Mwaka 1992 Bruce Greyson na Nancy Evans Bush wakaandika habari za waliorejea na hofu, waliokuta utupu na mateso. Basi ni yupi aliyemwona Mungu: aliyepokewa au aliyetishwa?

Swali hili ni zito kwa mfiwa, kwani anataka kujua maiti wake yumo mikononi mwa nani. Hata hivyo, mashahidi wote hao walirudi. Aliyeishia barazani aweza kuapa kwamba taa ilikuwa ikiwaka. Tabia ya mwenye nyumba hajaijua. Wazee wa Singida, walioshinda chini ya jua lile kila siku, waliomba mvua wala hawakudai kulijua lote.