Majina ya Kurithi: Uteuzi wa Majina ya Wahusika katika Tamthilia ya Upelelezi ya Twin Peaks, 1990–2017

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, suala la majina ya wahusika hushughulikiwa kwa kawaida chini ya istilahi ya majazi, yaani mhusika kupewa jina linaloafikiana na tabia yake au na dhima anayoitekeleza. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, msomaji hahitaji kungoja sura nyingi ili amtambue waziri aitwaye Majivuno, wala kuuliza ni upande upi anaosimamia Karama. Jina ni mlango ulio wazi.

Kisa cha upelelezi hakiwezi kuutumia mlango huo bila kujidhuru. Mtunzi anayempa mwuaji jina la Katili amekwisha kuitoboa siri ambayo ndiyo uhai wa kazi yake. Kwa sababu hiyo, majina katika utanzu huu huelekea kunyamaza, au kusema jambo jingine kabisa. Muhammed Said Abdulla, mathalan, alimwita mpelelezi wake Bwana Msa, jina ambalo herufi zake ndizo zinazoanzia majina matatu ya mwandishi mwenyewe. Jina hilo halifichui tabia ya mhusika, bali linamwelekeza msomaji nje ya hadithi.

Makala hii inachunguza kazi iliyoupeleka mbali zaidi uelekezaji huo wa nje, nayo ni Twin Peaks, tamthilia ya televisheni iliyobuniwa na David Lynch na Mark Frost. Ilianza kuonyeshwa Marekani na shirika la ABC tarehe 8 Aprili 1990, ikakoma Juni 1991, ikafuatwa na filamu ya Fire Walk with Me mwaka 1992, na ikarejea kwa sehemu 18 mwaka 2017. Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia: maiti ya msichana wa shule, Laura Palmer, inapatikana ufuoni katika mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, na mpelelezi wa FBI, Dale Cooper, anatumwa kumtafuta mwuaji. Tangu mwanzo watazamaji waling'amua kwamba majina mengi yalikuwa yamechukuliwa kutoka filamu za zamani, wakayashughulikia kama fumbo ambalo mwenye kulifumbua angemjua mwuaji. Hoja ya makala hii ni kwamba majina hayo hayakuficha jina la mwuaji. Yalihifadhi historia ya namna sinema ilivyozoea kumsimulia mwanamke aliyeuawa, nayo tamthilia iliirithi historia hiyo ili ihojiane nayo.

Laura na Madeleine: ahadi na onyo

Jamii nyingi za Kenya humrithisha mtoto jina la babu au nyanya yake, na Waswahili humwita mtu anayeshiriki jina na mwingine somo wake. Anayerithi jina hawi yule aliyemtangulia, lakini hawezi kutajwa bila huyo wa kwanza kukumbukwa. Uhusiano wa namna hii ndio uliopo baina ya wahusika wa Twin Peaks na masomo wao.

Laura wa kwanza katika ukoo huu ni mhusika wa filamu ya Laura ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Otto Preminger kutokana na riwaya ya Vera Caspary. Katika filamu hiyo mpelelezi Mark McPherson anachunguza kifo cha Laura Hunt, na polepole anajikuta akimpenda marehemu kupitia picha yake iliyotundikwa ukutani. Anapopitiwa na usingizi chini ya picha hiyo, Laura mwenyewe anaingia mlangoni akiwa hai, kwani aliyeuawa alikuwa mwanamke mwingine, Diane Redfern. Katika Twin Peaks, picha ya Laura Palmer akiwa malkia wa sherehe za shule inaonekana nyumbani kwao na shuleni, na vipindi vingi hufungwa kwa sura hiyo hiyo yenye tabasamu. Mtazamaji aliyeijua filamu ya Preminger alikuwa na haki ya kutarajia kwamba Laura huyu naye angeingia mlangoni.

Yamkini tarajio hilo ndilo linalojibiwa anapofika binamu wa marehemu, Madeleine Ferguson, aitwaye Maddy. Sheryl Lee, aliyeigiza kama Laura, ndiye pia aliyeigiza kama Maddy, akiwa na nywele nyeusi na miwani. Jina hili limetoka katika Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1958, ambamo Scottie Ferguson anampenda Madeleine Elster, anashuhudia kile anachodhani ni kifo chake, kisha anakutana na Judy Barton na kumlazimisha abadili mavazi na rangi ya nywele mpaka afanane na marehemu. Judy naye anakufa. Mtunzi wa Twin Peaks amechukua jina la mwanamke anayetamaniwa na ukoo wa mwanamume anayemtamani, akaviunganisha katika mtu mmoja. Baadaye marafiki wa Laura wanamvisha Maddy nywele za bandia za rangi ya dhahabu ili afanane na aliyekufa, wakamtumia kama chambo.

Kwa hiyo majina mawili yanapingana. Jina la Laura linaahidi kurejea. Jina la Madeleine linaonya kwamba anayerejea kwa sura ya mwingine hurejea ili afe mara ya pili. Onyo ndilo linalotimia. Katika kipindi kilichoonyeshwa tarehe 10 Novemba 1990, Maddy anauawa sebuleni mwa nyumba ya kina Palmer.

Majina yaliyopinduliwa

Si kila jina lililorithiwa linabaki na dhima yake ya awali. Waldo Lydecker, katika filamu ya mwaka 1944, ni mwandishi mwenye ulimi mkali ambaye sauti yake ndiyo inayofungua simulizi, na ambaye mwishoni anabainika kuwa ndiye mwuaji. Katika Twin Peaks jina lake limegawanywa: Lydecker ni daktari wa wanyama, na Waldo ni ndege mwenye uwezo wa kuiga sauti za watu. Mgawanyo huu unaondoa shaka yoyote kwamba huenda majina yalisadifiana tu. Katika Laura, sauti ya Waldo iliyorekodiwa inasikika redioni wakati yeye mwenyewe anajongea kuua. Katika Twin Peaks, Waldo anapigwa risasi ili asitoe ushahidi, lakini kinasa sauti cha Cooper kimekwisha kuyahifadhi maneno aliyoyasikia kwa Laura. Jina la mwuaji limekuwa jina la shahidi.

Mfano wa pili ni Phillip Gerard, muuza viatu mwenye mkono mmoja. Katika tamthilia ya The Fugitive, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 1963 na 1967, Luteni Philip Gerard anamwinda daktari aliyehukumiwa kimakosa, ilhali daktari huyo anamtafuta mtu mwenye mkono mmoja. Twin Peaks imempa anayetafutwa jina la afisa anayetafuta. Uteuzi huo una mantiki ya ndani, kwa kuwa Gerard huyu anakaliwa na roho iliyowahi kushirikiana na pepo BOB katika uovu na sasa inamsaka. Mwindaji na mwindwa wamo katika mwili mmoja.

Jina la Dale Bartholomew Cooper nalo halikutoka katika filamu. Tarehe 24 Novemba 1971 mtu aliyekata tiketi kwa jina la Dan Cooper aliiteka nyara ndege iliyokuwa safarini kutoka Portland kwenda Seattle, akapewa dola 200,000, akaruka kwa mwavuli usiku, na hakutambuliwa hadi leo. Magazeti yalimwita D. B. Cooper. Mpelelezi anayekuja katika eneo hilo hilo kufumbua siri amebeba jina la siri ambayo ofisi yake ilishindwa kuifumbua. Mtazamaji wa mwaka 1990 aliweza kulichukua jambo hili kama mzaha. Mtazamaji aliyemwona Cooper akipotelea katika Chumba Chekundu Juni 1991 hakuwa na sababu ya kucheka.

Herufi chini ya kucha

Tamthilia yenyewe inayo fumbo la jina ndani yake. Mwuaji huacha kipande kidogo cha karatasi chenye herufi chini ya ukucha wa kila anayemshambulia: T kwa Teresa Banks, R kwa Laura, B kwa Ronette Pulaski, O kwa Maddy. Hatimaye inabainika kwamba pepo BOB alikuwa akiliandika jina lake, Robert, herufi moja kwa kila mwili. Hapa kitendo cha kutoa jina kimegeuzwa kuwa jeraha: wanawake wanafanywa karatasi ya kuandikia jina la mwingine.

Hata hivyo, jina la BOB si jibu kamili. Mwili uliotumika kuua ulikuwa wa Leland Palmer, babake Laura. Kwa miezi saba watazamaji walichambua herufi na majina ya filamu za kale, na muda wote huo jina lililohitajika lilikuwa limetamkwa katika kila kipindi. Marehemu na mwuaji walikuwa na jina moja la ukoo. Hilo halikuchunguzwa kwa sababu halikufichwa. Mji mzima uliomwombolezea binti wa Palmer ulikuwa na sababu ya kumshuku mfanyabiashara, daktari wa akili, mpenzi na dereva wa lori, ila haukuwa na sababu, au haukutaka kuwa nayo, ya kumshuku baba.

Hapa ndipo uzito wa maadili wa kazi hii unapokaa. Majina ya kuazima yanamvuta mtazamaji aangalie mbali, kwenye historia ya sinema, wakati uovu umo nyumbani. Wapo wahakiki wanaoweza kusema kwamba pepo BOB anampunguzia Leland lawama. Filamu ya Fire Walk with Me inaudhoofisha msamaha huo, kwa kuwa inazisimulia siku saba za mwisho za Laura kwa mtazamo wake mwenyewe, hadi anapoutambua uso wa babake katika uso wa BOB. Laura wa mwaka 1944 alipendwa kama picha kabla ya kusikilizwa. Huyu wa mwaka 1992 ameteremshwa kutoka katika picha na kuachiwa aseme.

Marejeo ya mwaka 2017

Baada ya robo karne, majina yaliyokuwa yakimdokezea mtazamaji tu yalipewa nguvu ya kuisukuma ploti. Gordon Cole, mkuu wa Cooper katika FBI, aliyeigizwa na Lynch mwenyewe, ana somo wake katika Sunset Boulevard, filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1950. Cole wa filamu hiyo ni mfanyakazi wa studio ambaye simu zake zinampa mwigizaji aliyesahauliwa, Norma Desmond, matumaini ya kurudi kwenye fahari yake, kumbe anachotaka ni gari lake tu. Katika Sehemu ya 15 ya mwaka 2017, Cooper, aliyekuwa akiishi kama mtu asiyejitambua kwa jina la Dougie Jones, anatazama filamu hiyo katika televisheni. Jina la Gordon Cole linapotajwa, anashtuka, na tukio hilo ndilo linaloanzisha kuzinduka kwake. Mhusika ameisikia asili ya jina ambalo mtunzi aliliazima. Urejelezi umevuka mpaka wa mtazamaji na kuingia katika ulimwengu wa kazi.

Jina la Diane linafuata mkondo huu. Katika mfululizo wa mwanzo lilikuwa la mtu asiyeonekana, ambaye Cooper alimzungumzia katika kinasa sauti. Mwaka 2017 Diane anaonekana, kisha inafichuka kwamba yule aliyeonekana kwanza alikuwa nakala. Katika Laura, Diane alikuwa mwanamke aliyekufa mahali pa mwingine. Judy, jina la pili la yule mwanamke wa Vertigo, limekuwa jina la nguvu ya uovu inayosakwa na FBI.

Sehemu ya mwisho inaipima dhana yote ya jina. Cooper ameurudia usiku wa mauaji ili amwokoe Laura. Anapoamka katika ulimwengu mwingine anakuta barua inayomwita Richard. Mwanamke mwenye uso wa Laura anaishi Odessa, Texas, naye anajiita Carrie Page. Hana kumbukumbu ya ukoo wa Palmer. Cooper anamsafirisha hadi mlango wa nyumba ya zamani, ambako mwenye nyumba hajapata kulisikia jina hilo. Yaelekea uokoaji umefaulu kwa gharama ya jina. Kisha sauti ya mama inasikika ikiita "Laura", na mwanamke huyo anapiga ukelele, taa zinazimika, na tamthilia inakoma.

Hitimisho

Istilahi ya majazi hudai kwamba jina limweleze mwenye jina. Twin Peaks inaonyesha namna nyingine ya uteuzi wa majina, ambayo inafaa iainishwe chini ya mwingiliano-matini: jina linawaeleza waliotangulia, na mhusika analazimika kuishi pamoja nao, akiwafuata, akiwapindua, au akiwakataa. Mhakiki anayeorodhesha asili za majina na kukomea hapo amefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza urithi huo unamtendea nini anayeupokea. Kwa Laura Palmer, jina lilikuja na desturi ya kupendwa baada ya kufa na kutazamwa bila kuulizwa. Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. La Laura linaitwa katika giza la nyumba yao wenyewe, na jibu lake ni ukelele wa mtu anayekumbuka.