Kalamu ya Pili

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yuleyule aliyetunga Al-Inkishafi, aliuchukua utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo akautakhmisi. Penye mistari miwili ya Liyongo alitanguliza mitatu yake, ubeti ukawa wa mistari mitano na neno la mwisho likabaki la Liyongo. Shujaa huyo alikuwa amekwisha kufa zamani. Hakuna aliyemwita Sayyid Abdallah mdokozi wa tungo. Mtu hautakhmisi utungo asioupenda, maana kazi yenyewe humlazimu kukaa ndani ya vina na mizani ya mwenziwe, atafute sababu ya kila neno, kisha apenyeze sauti yake bila kuizima ile iliyomtangulia.

Naanza na takhmisa kwa sababu ya hadithi za mashabiki, zile ambazo msomaji huwachukua wahusika wa kitabu au filamu anayoipenda akawatungia visa vipya. Husemwa kwamba hizo ni zao la intaneti, na kwamba ni kazi ya watu wasio na ubunifu wao wenyewe. Madai yote mawili hayasimami.

Mwaka 1967 mashabiki wa Star Trek mjini New York walitoa Spockanalia, jarida lililojaa makala, mashairi na hadithi kuhusu ulimwengu wa kipindi kile cha televisheni. Majarida ya namna hiyo yaliandikwa na kuhaririwa zaidi na wanawake, yakasambazwa kwa posta, na bei yake ilikusudiwa kurudisha gharama tu. Kipindi chenyewe kiliondolewa hewani 1969 baada ya misimu mitatu, lakini majarida yakazidi kuongezeka. Kilichowakutanisha kilikwisha, wao wakabaki, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzoea kuandikiana. Aliyesoma hadithi ya mwenzake leo ndiye aliyetunga yake kesho, na barua ya sifa au ya ubishi iliweza kuzaa urafiki wa miaka mingi.

Intaneti iliongeza kasi na idadi, lakini desturi ya kumtungia mtu mahususi haikufa. Tangu 2003 hufanyika kila Desemba mabadilishano yaitwayo Yuletide. Mshiriki hutaja vitabu au filamu zenye mashabiki wachache ambazo angependa kutungiwa hadithi, na mwingine, pengine asiyemfahamu kabisa, humwandikia kwa siri. Hadithi hufunguliwa tarehe 25, na majina ya watunzi hutolewa 1 Januari. Fikiria siku zile za katikati: mtu amepewa hadithi iliyotungwa kwa ajili yake, kuhusu kitabu ambacho huenda hakuna jirani yake aliyewahi kukisikia, na hajui amshukuru nani. Hulipa kwa kusoma kwa makini na kumwandikia mtunzi ni wapi hasa alipoguswa.

Malenga wetu walijuana kwa njia iliyo karibu sana na hiyo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji. Mtunzi wa Tanga aliweza kujibiwa na mtunzi wa Tabora ambaye hawajaonana kwa macho. Swali lilikuja kwa shairi, na jibu vilevile. Desturi ikaendelea katika magazeti ya baadaye na redioni, na lakabu zikavuma: Sheikh Amiri Andanenga alijulikana kwa wengi kama Sauti ya Kiza. Mashabiki nao wana lakabu, ila za kwao zimekuwa za kujificha zaidi, kwa kumwogopa mwajiri, jamaa watakaocheka, au wanasheria wa wenye hakimiliki. Malenga alitaka lakabu yake ijulikane kuliko jina alilopewa na wazazi.

Tofauti kubwa iko kwenye ukosoaji. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ikihasimiana, na aliyeteleza kwenye vina aliteleza mbele ya watu. Hata malenga waliopendana walikosoana hadharani. Katika jumuiya za mashabiki, maoni chini ya hadithi hutarajiwa kuwa shukrani, na kukosoa bila kuombwa ni utovu wa adabu. Ukali haukosekani, ila umewekwa mahali pengine. Kabla hadithi haijatolewa, hupelekwa kwa rafiki wamwitaye beta, naye huonyesha pale mhusika aliposema neno asiloweza kulisema. Kazi hiyo haina malipo, na hufanywa usiku baada ya siku ya kibarua. Naiheshimu mno. Hata hivyo naamini kuna kinachopotea, kwa sababu somo lile hubaki kati ya watu wawili, ilhali malumbano ya gazetini yalimfundisha kila aliyekuwa akifuatilia. Lakini pia malumbano yaliwatisha wanagenzi, na wanawake walionekana kwa nadra katika kurasa zile. Huko kwa mashabiki, wanawake ndio waliojenga nyumba.

Suala hili la hadhira, yaani nani anashiriki na nani anatazama tu, Wajapani wamelitatua kwa uamuzi mmoja. Comiket, soko la vitabu vya kujichapishia, lilifanyika mara ya kwanza Tokyo tarehe 21 Desemba 1975, likiwa na vikundi 32 na watu kama 700. Waandaaji wake hushikilia kwamba kila aingiaye, muuzaji au mnunuzi, ni mshiriki. Mteja hayupo.

Linabaki suala la nani anatunza. Mwaka 2007 LiveJournal, tovuti iliyokuwa makao ya mashabiki wengi, ilifunga ghafla mamia ya akaunti, na mwaka huohuo kampuni ya FanLib ikajaribu kujipatia faida kwa hadithi zao. Mashabiki wakaamua kumiliki seva zao wenyewe. Hifadhi yao ya mtandaoni, Archive of Our Own, ilifunguliwa kwa umma 2009, ikijengwa na watu wa kujitolea na kuendeshwa kwa michango bila matangazo ya biashara. Ilitunukiwa Tuzo ya Hugo 2019, na sasa kazi zilizomo zimezidi milioni 10. Mtunzi akikiri kuwa hadithi yake imechochewa na ya mwenzake, zote mbili zaweza kuunganishwa, asomaye moja aifikie nyingine. Kwetu, tungo za Muyaka zilitunzwa na vichwa vya watu mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya, akishirikiana na W. E. Taylor. William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka 1940, karne nzima baada ya mshairi kufa.

Leo malumbano yamehamia katika makundi ya WhatsApp. Humo watu hutakhmisiana, huulizana mafumbo na kurekebishana mizani kila siku, kisha simu huibwa, kundi huvunjika, na tungo hupotea. Hatuna haja ya kungoja Taylor mwingine. Kila kundi limteue mmoja wao kunakili, kwa idhini ya watunzi: shairi, tarehe, lakabu ya mtunzi, na shairi lile ambalo lilikuwa likijibiwa.