Nani aliyeififisha Kilosa?

Kufifisha ni kukipunguzia kitu nuru au rangi. Kwa maana iliyopanuka, ni kukipunguzia umuhimu bila kukiondoa. Hapo kitenzi hiki kinaachana na kushusha hadhi, ambako huhitaji waraka. Mji unaweza kubaki makao makuu ya wilaya na bado ukafifishwa, kama Kilosa.

Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilifuata bonde la Mto Mkondoa. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati walilifuata bonde hilohilo. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Kilosa ikawa mji wa mkonge. Robota za katani zilipakiwa hapo na Kimamba jirani, na manamba walioletwa mashambani walishuka treni papo hapo.

Bei ya katani ilianguka miaka ya 1960 nyuzi za viwandani ziliposhika soko. Lakini pigo lililodumu zaidi ni la lami. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipitishwa kusini, Mikumi, ikikatiza hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964. Ile ya Dodoma ilipita kaskazini, Dumila na Gairo. Kilosa ikabaki katikati, haiguswi na hata moja. Malori, mabasi na wageni wa kulala vikahamia njiapanda ya Mikumi, inakochepukia barabara ya Ifakara. Kiutawala Mikumi imo ndani ya Wilaya ya Kilosa: mtoto kampita mzazi kwa biashara.

Wengi husema Kilosa "imefifia", kauli isiyotaja mtenda, kana kwamba mji ulichoka wenyewe. "Imefifishwa" inalazimisha swali la nani, na jibu ni waliochora ramani za barabara, hata kama hawakuikusudia Kilosa ubaya. Mto nao ni mtenda: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 yalisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, usafiri wa treni ukakatika. Gairo ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 2012, hilo halikuwa kufifisha. Lilikuwa na tangazo lake la serikali.

Reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imetoboa mahandaki katika milima ya Kilosa. Treni zake za kawaida husimama Kilosa. Malori ya Zambia bado yanapita Mikumi.