Mzazi Mgonjwa na Tuhuma za Watu

Waganda wana neno amakiro, ugonjwa umpatao mwanamke akishazaa, akili ikamruka, hata akaogopewa kumdhuru mwanawe. Wengi waliamini chanzo chake ni uzinifu wakati wa mimba. Basi mgonjwa akawa mtuhumiwa! Nasi wa pwani tusijitoe; mara ngapi tumesema, “Huyo ana lake”?

Daktari Mwingereza John Cox alifanya utafiti Uganda katika miaka ya 1970, akaandika juu ya amakiro mwaka 1979. Mwaka 1987 yeye na wenzake walitoa maswali 10 ya kumtambua mzazi aliyeelemewa na huzuni, na hadi leo yanatumika nchi nyingi. Huulizwa kama aweza kucheka, kama usingizi humjia, kama amewaza kujidhuru. Huulizwa pia kama anajilaumu bure. Yaani lawama anayo tayari moyoni, kabla sisi hatujamwongezea.

Bibi Maryamu, uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani angekuwa amekwisha kufa. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akapewa kijito cha maji na tende mbivu, ale, anywe, atulie. Tuhuma alizikuta kwa watu wake, aliporudi amempakata mtoto.